Kioo Cheusi Si Kompyuta Iliyokufa

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu mlioketi safu ya mbele. Wanangu wa chuo mlioshuka kutoka vilima vya Chimwaga, watumishi mliokuja moja kwa moja kutoka Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, bila hata kupita nyumbani, walimu wa shule zetu, mafundi wenzangu: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu. Unabonyeza kitufe cha kuwashia laptopu, taa ndogo inawaka, pengine feni inavuma, lakini kioo kinabaki cheusi tii. Hakuna nembo, hakuna saa, hakuna chochote. Msimu huu wa kukabidhi ripoti za utafiti tatizo hili linanijia mezani kila siku, na mara nyingi mwenye kompyuta ameshaambiwa mahali pengine moja kati ya maneno mawili. La kwanza: "Kioo kimekufa, nunua kingine." La pili: "Tukupigie Windows upya," yaani diski ifutwe na programu endeshi iwekwe tena. Leo nawasihi jambo moja. Kabla hujakubali lolote kati ya hayo, uliza kwanza kama kompyuta yenyewe iko hai. Swali hilo lina jibu, na jibu lake hupatikana hapo hapo, machoni pako, bila kufungua hata skrubu moja.

Tuelewane kwanza kuhusu kilichomo ndani. Chini ya kibodi kuna madabodi, bamba kuu linalounganisha kila kitu, na juu yake prosesa inayofanya hesabu, RAM ambayo ni kumbukumbu ya muda, na diski inayotunza kazi zako. Juu, kwenye mfuniko, kuna kioo. Sehemu hizo mbili zinaunganishwa na waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Kioo nacho kina kazi mbili ndani yake: kuna tabaka linalochora picha, na kuna taa ndogo za LED zinazomulika tabaka hilo kutoka nyuma. Zile kompyuta za zamani zilitumia mrija mwembamba wa taa badala ya LED, na kifaa kidogo cha kuupandishia umeme, lakini utaratibu ni ule ule. Kwa hiyo picha inaweza kuchorwa vizuri kabisa na wewe usiione, kwa sababu tu taa za nyuma hazikuwaka. Waya wa kwenye bawaba unaweza kukatika na kila kitu kingine kikawa kizima. RAM inaweza kulegea na kompyuta isifike hata kwenye hatua ya kuchora. Macho yako yataona weusi ule ule mara zote tatu, ilhali tiba ni tofauti kabisa.

Ripoti yako ya utafiti, picha za harusi, alama za wanafunzi wako, vyote viko kwenye diski. Kioo hakina hata herufi moja ya kazi yako. Nalisema hili taratibu kwa sababu nimewaona vijana wakilia mbele ya meza yangu wakiamini miaka mitatu imepotea, kumbe diski iko salama haijaguswa.

Haya, utajuaje kama iko hai? Iache iwake dakika mbili tatu. Kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock. Kama kina taa, na taa ile inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, basi kuna mtu nyumbani: prosesa inafanya kazi na kibodi inasikilizwa. Ongeza sauti, sikiliza kama kuna mlio wowote. Andika nywila yako kwa kukisia, bonyeza Enter, subiri. Ukisikia mlio wowote wa Windows, maana yake imewaka na tatizo liko kwenye kuonyesha tu. Hakikisha pia mwanga wa kioo haukushushwa hadi mwisho. Kuna mtoto wa mtu amecheza na vitufe vya mwanga na mzee akaja nayo kwangu kutoka Kondoa kwa basi.

Taa zikikonyeza kwa mpangilio, au kompyuta ikilia pii pii, usiipuuze wala usiizime kwa hasira. Hesabu. Kompyuta inakuambia ugonjwa wake. Kila kampuni ina lugha yake na maana zake zimeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha modeli yako, ambacho hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa mfano Dell nyingi za miaka ya karibuni, taa ya betri ikikonyeza mara mbili rangi ya chungwa na mara tatu nyeupe, inasema sioni RAM. Ikikonyeza mbili na saba, inalalamikia kioo. Hizo Dell zina kipimo kingine ninachokipenda sana: izime, shikilia herufi D, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia huku bado umeshikilia. Kioo kikijaa rangi moja baada ya nyingine, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu, basi kioo ni kizima na fundi anayetaka kukuuzia kingine anakosea.

Sasa tuone kwa macho. Nina laptopu hapa mezani, mwenyewe ameniruhusu niilete. Imewashwa tangu nianze kuongea, nanyi nyote mnaona kioo ni cheusi. Naomba watu wa mlangoni mvute mapazia. Wewe binti wa safu ya tatu mwenye daftari la kijani, njoo na simu yako. Washa tochi. Usiimulike moja kwa moja katikati, mwanga utakurudi machoni. Isogeze karibu kabisa na kioo, uilaze pembeni, halafu tazama kwa upande. Sogeza polepole kuelekea kona ya chini kulia. Unaona nini?

"Mama, naona saa! Saa nne na dakika ishirini. Na kuna picha ya mlima nyuma yake."

Waambie kwa sauti wenzako. Anaona saa, anaona mlima, hafifu kama maandishi ya penseli, lakini vipo. Maana yake madabodi ni nzima, RAM ni nzima, Windows imewaka, waya unapitisha picha, na tabaka la kuchora linafanya kazi. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma peke yake. Inaweza kuwa LED zenyewe, inaweza kuwa fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele iliyoko kwenye madabodi, inaweza kuwa uzi mmoja ndani ya ule waya. Mwenye laptopu hii alishaambiwa madabodi imeungua. Asante binti, kaa.

Kipimo kinachofuata kinahitaji waya wa HDMI na runinga ya sebuleni, au projekta ya darasani. Chomeka, chagua HDMI kwenye runinga, kisha shikilia kitufe chenye nembo ya Windows na ubonyeze P, ushuke kwa mshale mara moja na Enter. Rudia ukipita kila chaguo, kwa sababu kompyuta huenda inapeleka picha kwenye kioo chake tu. Picha ikitokea kwenye runinga, acha kila kitu kingine. Chomeka flashi au diski ya nje na unakili kazi zako zote wakati huo huo, kabla hujafikiria matengenezo. Kuna wanafunzi wamemaliza muhula mzima na laptopu iliyofungwa kwenye runinga ya mwenye nyumba kule Ng'ong'ona, wakakabidhi kazi zao kwa wakati. Runinga isipoonyesha kitu, hapo bado hujathibitisha kifo. Umejua tu kwamba tatizo liko chini zaidi, na tunashuka nalo.

Kushuka kunaanzia kwenye umeme. Chomoa chaja, chomoa kila kitu kilichochomekwa pembeni, toa betri kama inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika nzima. Ndani ya madabodi kuna vijihifadhi umeme vinavyobaki na chaji hata baada ya kuzima, na wakati mwingine chaji hiyo inaigandisha kompyuta katikati ya kuamka, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Kushikilia kitufe kunaimaliza. Kisha rudisha chaja peke yake, bila betri, ujaribu. Ni jambo la kitoto kulitazama, na ndilo linalowarudisha watu wengi nyumbani bila kulipa.

Chaja yenyewe iangalieni maandishi yake. Volti lazima zilingane na za kompyuta. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Hizi laptopu mpya zinazochajiwa kwa USB-C, ile yenye mdomo wa duaradufu kama wa simu, ukichomeka chaja ya simu, taa inaweza kuwaka na mashine isiamke, kwa kuwa wati hazitoshi.

Nije kwenye RAM, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tunaishi Dodoma.

Mji wetu ni mkavu. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na hata hizo hazitabiriki; baada ya hapo ni upepo na vumbi hadi mwisho wa mwaka. Vumbi hili jekundu, laini, linaingia kila mahali: kwenye feni, kwenye matundu ya hewa, na kwenye nafasi ambamo RAM imechomekwa. Ongezea mtikisiko wa daladala na bodaboda kwenye barabara za mtaa, na tofauti ya joto la mchana na baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba ambayo inatanua na kukaza vyuma kila siku. Mguso wa RAM unapungua kidogo kidogo hadi siku moja kompyuta inawasha taa, inavumisha feni, na inaishia hapo. Haiwezi kuchora nembo kwa sababu haina mahali pa kuiweka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja wa Mpwapwa. Aliuziwa kioo kipya, kikafungwa, kikabaki cheusi. Akaambiwa basi ni madabodi. Alipofika kwangu nilitoa RAM, nikafuta miguso yake, nikairudisha, ikawaka. Kile kioo kipya alikilipia kwa fedha ya karo ya mwanawe, na kile cha zamani kilichokuwa kizima hakurudishiwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndiyo sababu moja ya mimi kusimama hapa.

Anayetaka kufanya mwenyewe, na kompyuta yake haiko kwenye dhamana, afanye hivi. Zima, chomoa chaja, toa betri au ichomoe waya wake ndani. Kabla hujagusa kitu, shika chuma kilichogusana na ardhi, mathalani bomba la maji la chuma. Kiangazi hiki mkivua sweta gizani mnaona cheche, sivyo? Cheche hiyo hiyo ikitoka kidoleni mwako inaweza kuiua RAM bila wewe kusikia chochote. Sukuma vibanio viwili pembeni, RAM itainuka yenyewe. Ishike kwa kingo. Futa ile mistari ya dhahabu kwa kitambaa safi chenye alkoholi ya isopropili kidogo, na kama huna, raba nyeupe laini ya shuleni, kwa wepesi, mbali na mashine, kisha upanguse mabaki yote. Usipulize kwa mdomo. Mate yana chumvi na maji. Irudishe kwa kuilaza mshazari, ibonyeze hadi vibanio vilie. Ukiwa nazo mbili, jaribu moja moja, na kila moja kwenye kila nafasi, maana inaweza kuwa moja ni mbovu na mwenzake ni mzima. Baada ya hapo washa na uwe na subira. Kompyuta nyingine, hasa zenye RAM za DDR5, zinakaa dakika kadhaa na kioo cheusi zikiipima RAM upya. Watu wanaizima katikati wakidhani imeshindikana. Zipo pia laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa kwenye madabodi, hizo msizifungue kuitafuta.

Kuna mambo mawili madogo yanayosahaulika. La kwanza ni sumaku. Kompyuta inajua imefungwa kwa sababu kuna sumaku kwenye mfuniko na kihisio chini yake. Ukiilaza juu ya laptopu nyingine iliyofungwa, au ukaweka simu yenye kava la sumaku karibu na kibodi, inadhani umeifunga na inazima kioo. Ondoa simu. La pili ni betri iliyovimba. Kibodi ikiinuka au kibao cha kugusa kikianza kutuna, usichaji tena, usitoboe, usibonyeze irudi. Betri za lithiamu zinawaka moto, na moto wake ni mkali.

Sasa niseme wazi kuhusu kupiga Windows, maana nililitaja mwanzoni. Kama kioo ni cheusi tangu unapobonyeza kitufe, kabla hata nembo ya mtengenezaji haijatokea, Windows haijafikiwa bado. Nembo ile inatoka kwenye programu iliyoko madabodini. Kufuta diski ili kutibu weusi wa namna hiyo ni kumwondolea mtu kazi yake bila kugusa ugonjwa. Nawaomba mafundi wenzangu, kwa heshima zote, tuache. Tunajua kwamba haisaidii. Inafanywa kwa sababu mteja anaielewa na inalipwa haraka.

Ikiwa nembo inatokea, kisha weusi unakuja baadaye, hapo ndipo Windows au draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoendesha picha, inaweza kuhusika, na hata hapo kufuta ni hatua ya mwisho kabisa. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Utasikia mlio mfupi na draiva ya picha itaanzishwa upya. Isipokubali, zima kwa kushikilia kitufe kila inapoanza kuwaka, mara mbili au tatu mfululizo. Windows itafungua ukurasa wake wa matengenezo, na humo utachagua kuwaka kwa hali salama na kuondoa draiva au sasisho la karibuni. Kazi zako zinabaki palepale.

Ikithibitika ni kioo au waya, nunueni kwa macho. Kompyuta ambayo picha huja ukiinamisha mfuniko na kupotea ukiuinua, ugonjwa wake ni waya wa bawabani, na waya ni rahisi kuliko kioo mara nyingi. Tabia ya kuifungua kwa kuvuta kona moja ndiyo inayoumiza bawaba. Na kama ni kioo kweli, mwombe fundi akuonyeshe namba iliyoandikwa mgongoni mwa kile cha zamani, na kipya kilingane nacho, pamoja na idadi ya pini kwenye kiungio; kuna vya pini 30 na vya pini 40, na haviingiliani. Omba kiwashwe mbele yako kabla hakijabandikwa. Omba urudishiwe kile cha zamani. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa maombi hayo. Asiyetaka uone, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ninyi watumishi, tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 nimekuwa nikiletewa laptopu zenye majina, namba za simu na mafaili ya wananchi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa hizo ziko chini yake. Kompyuta ya ofisi ipitie kwa watu wa TEHAMA wa ofisi yako kwanza. Ikilazimu itoke nje, diski ibaki ofisini. Kupima kioo, waya, RAM na taa hakuhitaji diski yako hata kidogo, na hili linawahusu hata ninyi wanafunzi: una haki ya kuichomoa na kubaki nayo mfukoni.

Ila kuna kitu kimoja lazima kifanyike wakati kioo bado kinawaka, yaani leo usiku kwa wale ambao kompyuta zao ni nzima. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja diski ikiwa imefungwa kwa usimbaji unaoitwa BitLocker. Diski hiyo ukiihamishia kwenye mashine nyingine, au madabodi ikibadilishwa, itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Bila hizo, hakuna fundi wa Dodoma wala wa ng'ambo atakayekufungulia. Kwa kompyuta binafsi, kwa kawaida ufunguo unakaa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingieni, uandikeni kwenye karatasi, karatasi iwekeni pamoja na vyeti vyenu. Na nakala za ripoti yenu ziwe mahali pawili, na nakala moja isiwe ndani ya begi moja na laptopu.

Nimemaliza kusema, tuanze kazi. Mafundi wenzangu wanne wako pale chini ya dirisha na waya za HDMI, tochi na runinga moja. Wenye kompyuta zenye kioo cheusi pangeni foleni, mkiwa mmeshaandika kwenye karatasi modeli yake, siku ilipoanza, ilianguka au ilimwagikiwa nini, na taa zinakonyeza mara ngapi. Iliyomwagikiwa maji au chai isiwashwe tena hata kwa kujaribu. Njoo nayo ikiwa imezimwa, mje mbele ya foleni. Wenye betri zilizovimba, tafadhali zibaki nje kwenye kivuli cha mwembe, nitakuja huko mwenyewe.